Kinanda kikipiga peke yake kinasema nini?

Kuna dakika kwenye ibada ambayo karibu kila mtu anaichukulia kama ya mapumziko. Kwaya imekaa, mchungaji anageuza kurasa, kinanda kimebaki peke yake kinapiga, na watu wanatumia hiyo nafasi kukohoa, kupekua mfuko, kumnong'oneza jirani. Sio kwa ubaya, yaani wengi wanaona ule muziki ni wa kuzuia ukimya tu. Na hata sisi wapiga kinanda wengi tunaupiga hivyohivyo, vidole vinazunguka kwenye kodi tatu nne, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja, huku macho yanasubiri ishara ya kuacha.

Mi nataka kuongelea hiyo dakika, kwa sababu ukifuatilia historia ya muziki wa kinanda kanisani, kuanzia kile kikubwa cha mabomba mpaka piano mpaka hivi vya umeme, unakuta waliotunga huo muziki hawakuwa wanajaza nafasi hata kidogo. Walikuwa wanasema kitu. Tena wanasema maneno kabisa, ya ubeti fulani, ya mstari fulani wa Biblia, ila hayatamkwi, yako chini ya nota, na ukiyajua unasikia muziki tofauti na ule anaousikia mtu asiyeyajua japo mmekaa benchi moja.

Chukua Wakatoliki wa zamani. Kwa karne kadhaa kulikuwa na utaratibu wa kwaya na kinanda kupokezana kwenye misa. Kwaya inaimba Bwana utuhurumie moja, inayofuata haiimbwi, kinanda ndo kinaipiga, halafu kwaya tena, halafu kinanda, na Utukufu vilevile mstari kwa mstari. Sasa fikiria, karibu nusu ya maneno hayo hayaimbwi na mtu yeyote, yamekabidhiwa kinanda. Na Roma walilijua hilo, kitabu cha taratibu za ibada za maaskofu kilichotoka mwaka 1600 kikaagiza kwamba pale kinanda kinapochukua mstari basi awepo mtu wa kuyatamka yale maneno ili yasikike. Yaani walikubali kwamba kinanda kinasali kwa niaba ya watu, walichokataa ni maneno kupotea.

Girolamo Frescobaldi, aliyekuwa mpiga kinanda wa Basilika la Mtakatifu Petro pale Roma, alitoa kitabu mwaka 1635 kinaitwa Fiori musicali, kina vipande vya misa tatu, na ukikipitia unakuta kila kipande kina mahali pake kwenye ibada, hiki cha kabla ya misa, hiki baada ya somo, hiki cha wakati wa kuinua Hostia, ule mkate wa misa. Hicho cha kuinua Hostia ndo ningetaka kila mpiga kinanda akisikilize hata mara moja. Hakina kelele, hakina mbwembwe, kinatembea polepole na sauti zinagongana kidogo halafu zinaachana, zinagongana tena, unaona kabisa mtunzi alikuwa anajua padri yuko wapi wakati huo na mikono yake imeshika nini. Na humohumo, kwenye misa ya Bikira Maria, kuna kipande kimeandikwa kwa sauti nne za kupigwa na sauti ya tano haipigwi, inaimbwa na mpigaji mwenyewe huku anapiga, Frescobaldi kaandika nota zake chache pale mwanzo lakini hajaonyesha ziingie wapi, utafute mwenyewe, na kaongeza kwamba anielewe anayeweza maana mimi mwenyewe najielewa. Johann Sebastian Bach, yule mtunzi Mjerumani wa Kilutheri, alikuwa na nakala ya kitabu hiki, kaitia tarehe ya mwaka 1714.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye jambo hili ni ya Widor na Schweitzer. Charles-Marie Widor alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice jijini Paris, alianza pale 1870 na akakaa zaidi ya miaka 60, muziki wa Bach alikuwa nao kwenye vidole na kwenye miguu. Fuga zote kubwa, yaani vile vipande ambavyo sauti zinaingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule, alizielewa, zimepangika, ziko wazi. Kilichokuwa kinamtatiza ni vile vipande vifupi ambavyo Bach alivitunga juu ya nyimbo za kanisa la Kilutheri, manake humo mara Bach katulia, mara ghafla kaingiza sauti chungu isiyo na sababu, mara anakimbia, mara kabadilisha mwelekeo katikati ya sentensi, na kimuziki peke yake huoni kwa nini. Mwaka 1899 akamwambia mwanafunzi wake mmoja kutoka Alsace, kijana Albert Schweitzer, na yule kijana akamjibu kwamba ni lazima viwe giza kwako, manake vinaelezwa na maneno ya nyimbo zenyewe. Schweitzer alikuwa mtoto wa mchungaji, nyimbo zile za Kijerumani alikuwa nazo kichwani, akaanza kumtafsiria mwalimu wake kwa Kifaransa wimbo mmoja baada ya mwingine, wakakaa wanavipiga na kuvipitia upya, na Widor mwenyewe alikuja kuandika kwamba mafumbo yakafunguka moja baada ya jingine. Kutokana na mazungumzo hayo Schweitzer akaandika kitabu chake cha Bach kilichotoka 1905 kwa Kifaransa. Wengi wanamjua kama daktari wa Lambaréné kule Gabon alikokwenda 1913 na kama mshindi wa Nobel ya Amani ya 1952. Wachache wanajua kwamba huko Gabon alikuwa na piano iliyofungwa pedali za miguu kama za kinanda cha kanisa, zawadi ya chama cha Bach cha Paris, imetengenezwa makusudi ivumilie joto na unyevu, akawa anafanya mazoezi baada ya kazi ya hospitali.

Mimi nikisoma hiyo najiuliza, kama Widor, na uwezo wake wote ule, alishindwa kuvielewa mpaka alipopewa maneno, je sisi tunaopiga wimbo kwa sababu tu tunajua kodi zake?

Haya twende kwenye vipande vyenyewe. Bach alivikusanya vingi kwenye daftari analoliita Kitabu Kidogo cha Kinanda, kwa Kijerumani Orgelbüchlein, aliandika sehemu kubwa akiwa Weimar kabla ya 1717. Alipanga nyimbo 164, akaandika kichwa cha kila wimbo kwenye ukurasa wake, halafu akajaza 46 tu. Kurasa zilizobaki ziko hivyohivyo mpaka leo, kichwa cha wimbo juu na mistari mitupu chini, na ukurasa mmoja una mwanzo wa muziki, vipimo kama viwili hivi, halafu basi.

Humo kuna wimbo unaohusu kuanguka kwa Adamu, jinsi dhambi moja ilivyoharibu wanadamu wote. Wimbo wenyewe uko juu, unaimbika kawaida kabisa. Ila sikiliza miguu, yaani besi inayopigwa kwa pedali. Besi inaruka kushuka, inaruka kushuka, kila mara umbali mkubwa na usiotulia, ule ambao mwimbaji yeyote wa besi angelalamika akipewa auimbe, halafu inanyamaza, halafu inaanguka tena. Kipande kizima ni kuanguka. Na katikati kuna sauti inajipinda kwa hatua ndogondogo, wengi tangu zamani wamesikia nyoka pale. Mtu asiyejua wimbo unasema nini atasema tu duh, hiki kipande kina huzuni. Anayejua anasikia Mwanzo sura ya tatu.

Kuna kingine cha malaika kushuka kutoka mbinguni usiku wa Krismasi, humo ni ngazi tupu, sauti moja inapanda na kushuka kwa kasi na miguu nayo inapanda na kushuka lakini taratibu, angani pamejaa watu wanapishana. Kuna kingine cha mateso ya Bwana, "Ee mwanadamu lilia dhambi yako kubwa", huo wimbo ubeti wake unaishia kwa kusema alining'inia msalabani muda mrefu, na Bach anapofika hapo anaandika polepole sana, na kodi inayoingia ni ya mbali kabisa na mahali kipande kilipokuwa, kama vile sakafu imehama. Mtu akikipiga hapo kwa mwendo uleule alioanza nao mimi nasikitika kweli, manake Bach ameliandika, limechapwa, na sababu iko kwenye ubeti, muda mrefu msalabani, hupiti pale mbiombio.

Halafu kinachowashangaza watu zaidi, wimbo wa "Wanadamu wote lazima wafe". Kwa kichwa hicho ungetegemea kilio. Bach kaandika kwa meja, ile ngazi inayosikika ya furaha, sauti mbili za katikati zinatembea pamoja kwa upole, karibu zinacheza. Nilipokuwa sijasoma ubeti wote niliona ni ajabu. Ubeti unaendelea kwamba mwili huu ni majani, lazima uchakae ili ufanywe upya kwa utukufu ulioandaliwa. Kwa hiyo Bach hakutungia kichwa cha wimbo, alitungia wimbo mpaka mwisho wake, na ndio maana nasema mpiga kinanda asome beti zote, sio mstari wa kwanza.

Sasa usidhani waumini wa wakati ule walikuwa wanafurahia tu. Bach akiwa na miaka 20 alikuwa mpiga kinanda kule Arnstadt, akaomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda mzee Dieterich Buxtehude, safari ya kilomita kama 400 na inasemekana aliitembea kwa miguu, na wiki nne zikawa karibu miezi minne. Aliporudi, Februari 1706, wazee wa kanisa wakamwita. Walimuuliza alikuwa wapi muda wote huo, ndio, lakini waliongeza na lalamiko jingine ambalo linanigusa zaidi, kwamba anaweka mageuzi ya ajabu kwenye nyimbo na kuchanganya sauti ngeni mpaka washarika wanapotea. Imeandikwa pia kwamba alikuwa anapiga vipande virefu mno, na msimamizi alipomwambia akaenda upande wa pili akawa anapiga vifupi mno. Mi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mtu amekuja kuimba, anataka kujua mstari unaanzia wapi. Na kijana amerudi kutoka Lübeck na vitu vipya vinamwaka kichwani, anajua ule ubeti unasema mambo makubwa na wanauimba kama wanasoma orodha. Ule mvutano haujaisha mpaka leo, kila kanisa lenye mpiga kinanda linao.

Aliyemtangulia Bach kwenye kazi ya Leipzig, Johann Kuhnau, alichukua njia tofauti. Yeye hakutegemea msikilizaji ajue maneno, alimwandikia. Mwaka 1700 alitoa sonata sita za kinanda zinazosimulia habari za Biblia, na kila moja ina maelezo ya nini kinatokea. Ya kwanza ni Daudi na Goliathi. Unaanza na majivuno ya Goliathi, mapigo mazito ya kukatakata, halafu Waisraeli wanatetemeka, na hapo Kuhnau anafanya kitu kizuri sana, chini ya ule mtetemeko anaweka wimbo wa Zaburi ya 130, ule wa kumlilia Bwana toka vilindini, ambao kila Mlutheri aliufahamu. Hakuna aliyeimba, lakini kila aliyekaa pale alijua Waisraeli wanaomba nini. Jiwe likirushwa ni mkimbio mmoja wa nota, Goliathi anaanguka, Wafilisti wanakimbia, wanawake wanacheza. Sonata ya pili ni Daudi anampigia Sauli kinubi, na hiyo ni ngumu zaidi kwa sababu ni muziki unaozungumzia muziki, unatakiwa usikie wazimu wa mfalme halafu usikie dawa yake. Kuna watu wanaviona vipande hivi ni vya kitoto, picha tu. Sikubaliani nao. Wapigie watoto wa shule ya Jumapili ile ya Goliathi halafu uwaulize jiwe limerushwa wapi, watakuonyesha.

Nisiache upande wa waliokataa. Huldrych Zwingli, mwanamageuzi wa Kiprotestanti kule Zürich, alikuwa mwanamuziki mzuri, anapiga vyombo vingi, na bado chini ya mageuzi yake vinanda vya makanisa vilinyamazishwa na mwaka 1527 vikabomolewa. Hoja ilikuwa kwamba ibada ni Neno, na sauti isiyo na neno inamvuta mtu aende kwingine. Waothodoksi wa Mashariki wengi mpaka leo hawatumii kinanda, ni sauti za watu tu. Mimi napiga kinanda na bado hoja hiyo naiheshimu, manake imegusa palepale ninapopaongelea, neno liko wapi? Kinanda kisichojua neno lake Zwingli alikuwa na haki ya kukiogopa. Na angalia kilichotokea Amsterdam. Wakalvini hawakutaka kinanda ndani ya ibada, lakini kinanda cha Oude Kerk kilikuwa mali ya jiji na Jan Pieterszoon Sweelinck aliajiriwa na jiji, kwa hiyo akawa anapiga ibada ikiwa imeisha au haijaanza, na anapiga nini, zaburi zilezile ambazo watu wanaimba bila kinanda, anazigeuza hivi na hivi, mara wimbo uko juu, mara katikati, mara kwenye besi. Watu wakawa wanazunguka kanisani wanasikiliza na maneno wanayo tayari vinywani.

Piano nayo haikupokelewa kirahisi. Papa Pius X kwenye waraka wake wa 1903 kuhusu muziki mtakatifu aliikataza kanisani moja kwa moja, akaiweka jirani na ngoma na matoazi. Ilionekana ni chombo cha sebuleni na ukumbini.

Na ndio inanileta kwa Thomas Dorsey, Chicago. Huyu alianza kama mpiga piano wa blues, alijulikana kama Georgia Tom, akampigia mwimbaji wa blues Ma Rainey, halafu akawa anapeleka nyimbo zake makanisani na makanisa mengi yakamkataa kwa sababu ule mkono ulisikika ni wa klabu. Agosti 1932 alikuwa St. Louis kwenye mkutano wa uimbaji, mke wake Nettie ana mimba ya karibu kujifungua amebaki nyumbani. Ikaja simu ya maandishi kwamba mke amefariki wakati wa kujifungua. Mtoto akaishi muda mfupi tu naye akafariki. Dorsey alisimulia baadaye kwamba alitaka kuachana kabisa na nyimbo za Mungu, na siku chache baada ya mazishi akakaa kwenye piano, vidole vikaangukia kwenye wimbo wa zamani wa kanisa ambao haukuwa wake, wimbo wa kubeba msalaba, na juu yake yakaja maneno ya kumwomba Bwana amshike mkono. Ndio "Take My Hand, Precious Lord". Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968.

Watu wakisimulia hii wanaishia kwenye maneno. Mi nataka uangalie mikono. Dorsey aliuchukua wimbo ambao kwenye kitabu unaenda kwa vipimo sawa, akauvuta, akauachia nafasi mwisho wa kila mstari, na kwenye hiyo nafasi piano inajibu. Mwimbaji anasema nimechoka, piano inasema kitu. Mwimbaji anasema ni dhaifu, piano inasema kitu tena. Hicho inachosema hakijaandikwa popote, kila mpigaji analeta chake, lakini hawezi kuleta chochote tu, lazima kiwe jibu la maneno yale. Ule mtindo ulipokutana na kinanda cha umeme cha Hammond, kilichoanza kuuzwa 1935 na makanisa mengi yakakinunua kwa kuwa cha mabomba hawakukiweza, basi ndo ukapata ile hali ambayo mhubiri anahubiri na mpigaji anamfuata nyuma, anaijua sentensi inakoelekea kabla haijafika. Mtu wa nje anasikia mapambo. Kumbe jamaa anasikiliza mahubiri kwa makini kuliko mtu yeyote mle ndani, manake akikosa neno moja atajibu kitu kisichoulizwa.

Sasa kuna aliyelipeleka jambo hili mpaka mwisho kabisa, Olivier Messiaen. Alipewa kinanda cha kanisa la Trinité jijini Paris mwaka 1931 akiwa na miaka 22 na akakaa nacho mpaka alipofariki 1992. Waumini walilalamika kuhusu sauti zake, unakumbuka Arnstadt, yaleyale. Kazi yake ya 1935 kuhusu Kuzaliwa kwa Bwana ina vipande tisa na juu ya kila kimoja ameandika maneno ya kukitafakari, mengi ni ya Biblia, ili mpigaji asiwe na kisingizio. Cha mwisho kinaitwa Mungu kati yetu, na mwanzoni kabisa miguu inashuka kutoka juu mpaka chini kwa nguvu za kutisha, huko ndiko kushuka kwa Neno kuja kuwa mwili. Linganisha na Adamu wa Bach, besi zote mbili zinashuka, moja imeanguka, nyingine imekuja kwa hiari yake, na unazisikia tofauti kabisa. Mwaka 1969 akaenda mbali zaidi, kwenye tafakari zake za Utatu Mtakatifu alitengeneza alfabeti, kila herufi ina nota yake na urefu wake, akaandika sentensi za mwanateolojia Thomas wa Akwino kwa nota, herufi kwa herufi. Kwa kweli hapo mimi simfuati moyoni. Hakuna sikio litakaloisoma ile sentensi. Ni kama zile hesabu ambazo watu wanapenda kuzitafuta kwa Bach, kuna kifuga chake kidogo cha Amri Kumi kwenye kitabu chake cha 1739 ambacho wimbo wake unaingia mara kumi, sawa, hicho unaweza kukihesabu na kinafurahisha, lakini wengine wameendelea kuhesabu mpaka kila nota imekuwa siri. Maneno chini ya muziki yanafaa yakiwa yanaweza kumfikia aliyekaa benchi la nyuma.

Mfaransa mwenzake wa zama zilezile, Jehan Alain, yeye alifika kwa njia rahisi zaidi. Litanies yake ya 1937 ni wimbo mmoja mfupi unarudiwa, unarudiwa, unarudiwa, kodi zinaongezeka, kasi inaongezeka, mpaka unahisi mikono itashindwa. Juu ya karatasi aliandika kwamba roho ya Mkristo ikikosa maneno mapya kwenye dhiki yake inarudia ombi lilelile bila kikomo, akili inafika mwisho na imani inaendelea kupanda. Yeyote aliyewahi kuomba usiku kucha kwa sentensi moja anakielewa kipande hiki bila mwalimu. Alain aliuawa vitani Juni 1940, ana miaka 29.

Na nimalizie na kile ambacho nakifanyia mazoezi sasa hivi. Kwenye kile Kitabu Kidogo kuna kipande kifupi cha Bach juu ya wimbo wa "Tunapokuwa kwenye dhiki kubwa mno", wimbo uko juu umepambwa sana, nota ndogondogo zinauzunguka. Miaka mingi baadaye Bach akakirudia. Akaondoa karibu mapambo yote, akaupanua, kabla ya kila mstari wa wimbo sauti za chini zinautangaza kwanza, zinaujadili, ndipo unaingia juu mweupe. Toleo hilo lilichapwa 1751 mwishoni mwa kitabu chake Sanaa ya Fuga, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na waliochapa wakaeleza kwamba mzee akiwa kipofu alimtajia rafiki yake nota aziandike. Macho yake yalikuwa yamepasuliwa mara mbili mwaka 1750 na hayakupona, alifariki Julai 28. Wataalamu wanasema hakikutungwa chote pale kitandani, kilikuwa marekebisho ya kile cha zamani, na mi naona hilo halipunguzi kitu, linaongeza. Manake kuna nakala nyingine ya mkono ambayo kichwa kimebadilishwa. Muziki ni uleule na wimbo ni uleule, lakini sasa jina ni "Mbele ya kiti chako cha enzi nakuja", maneno mengine yanayoimbika kwa sauti hiyohiyo. Yaani mtu alikuwa na muziki wa dhiki, akiwa karibu na mwisho ukaitwa wa kumwendea Mungu, na tune haikuhitaji kubadilika.

Nakala hiyo yenye jina jipya imekatika kwenye kipimo cha 26, karatasi iliyobaki imepotea, kwa hiyo wapigaji tunaimalizia kwa toleo la 1751. Ninachofanya mimi ni kupiga kwanza kile kifupi chenye mapambo, halafu naimba ubeti wa dhiki kwa sauti yangu bila kinanda, halafu naimba ule wa kiti cha enzi, ndipo naingia kwenye hiki kirefu. Mstari wa tatu ndo bado unanisumbua, sauti za chini zinapishana karibukaribu na mkono wa kushoto unajikaza, ila nikiimba maneno moyoni mkono unalegea wenyewe. Kama na wewe unapiga, jaribu na ubeti wa kwenu unaoingia kwenye tune hiyo, ni ya mistari minne, kila mmoja silabi nane, vitabu vingi vya nyimbo vinayo.